Panda Mezani, Usipumue

Machi 2

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, na paa la chumba cha nyuma limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya cherehani yangu. Nimesogeza cherehani, nimetega ndoo. Madamu amepita, ameitazama ndoo, akasema fundi wa paa atakuja wiki hii. Mwaka jana pia alikuwa anakuja wiki hii.

Naanza shajara kwa sababu riwaya yangu imekwama. Nina sura nne. Naandika duka likishafungwa, kwa taipureta ya zamani ya Madamu, ile ambayo herufi m inaruka juu kama imekanyaga moto. Mtaa mzima huu wa maduka hakuna mweusi mwingine anayeruhusiwa kugusa taipureta ya tajiri wake. Madamu husoma kurasa zangu, hunirudishia na maneno ya penseli pembeni. Mwezi uliopita aliniambia, "Una kipaji, wewe." Nilivimba kichwa mpaka Mama akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Machi 5

Leo kaja mama mmoja kwa mlango wa ubavuni, anataka blauzi ya kwenda nayo usaili wa kazi. Ameitazama ikiwa imetundikwa, ameinyoosha kwa vidole viwili, ameirudisha, ameitazama tena. Mwili wake mpana na blauzi nyembamba, na hana ruhusa ya kuijaribu. Kwetu ndivyo: mteja mweupe ana chumba chenye kioo kirefu na zulia, mteja mweusi anakadiria kwa jicho. Akishaivaa imekuwa yake, hata ikimkaba koo, maana nguo iliyogusa mwili wetu hairudi rafuni.

Ajabu ni kwamba nguo hiyohiyo nimeishona mimi, nimeikata nyuzi kwa meno yangu, nimeipiga pasi kwa mikono hii. Hapo haina neno. Inaelekea uchafu wetu unaanzia mabegani.

Mama yule ameinunua. Nimemwona akitoka na uso wa mtu anayejua itambana.

Machi 9

Binti wa Madamu anaolewa mwisho wa mvua. Yuko ng'ambo masomoni, atarudi siku chache kabla ya harusi. Gauni ni la hariri iliyokatwa mshazari, na hariri ya namna hiyo ina kiburi: ukiitundika kwenye sanamu ya duka inakaa kama shuka kwenye kamba. Inataka mwili wenye joto.

Vipimo vimekuja. Madamu amevisoma kwa sauti: kifua, kiuno, nyonga, bega kwa bega. Mzee Mkasi, mkata vitambaa wetu, ambaye amekuwa humu tangu Madamu hajaolewa, akaweka chini mkasi.

"Hivyo si ndivyo vipimo vya mdogo wako?" akaniuliza.

Kweli ni vyake, mpaka mabega. Mdogo wangu tunamwita Kidosho, na anajijua. Huja kutupigia pasi kazi zikizidi, huku akisubiri chuo cha uuguzi kifunguliwe mwisho wa mvua. Amekwisha kukubaliwa, imebaki barua ya mtu mweupe wa kumdhamini tabia. Madamu ameahidi kuiandika.

Madamu amefikiri kidogo, kisha akaenda kufunga mlango wa katikati.

"Mlete kesho. Lakini iwe siri yetu sisi wanne. Mnajua watu walivyo."

Machi 10

Kidosho amekuja ameoga mara mbili, amejisugua mpaka viwiko vinang'aa. Madamu amemtazama kutoka juu hadi chini, pini zimejaa mdomoni, akasema:

"Panda mezani, usipumue."

Amepanda. Tumemvalisha gauni lililopigwa bandi tu, nyuzi ndefu za kushikiza kwa muda. Na hariri, ambayo tangu jana ilikuwa inanitoa jasho, imetulia mwilini mwake bila hata kubembelezwa. Mzee Mkasi amegeuka akatazama ukutani kwa adabu.

"Madamu," Kidosho akasema kwa sauti ya mtu asiyepumua, "nikikata roho humu mtanizika nalo au mtanivua kwanza?"

Madamu amecheka mpaka pini zimemtoka mdomoni. "Tulia, mwanangu." Amemwita mwanangu. Nimefurahi kama mjinga, nikalikariri neno hilo njia nzima ya nyumbani.

Nyumbani Mama hakufurahi. "Anavaa gauni la arusi la Mzungu? Kesho likipatikana doa, doa la nani?"

"Madamu mwenyewe ndiye anayemvalisha, Mama."

"Nimesikia. Nimeuliza doa la nani."

Nimemwambia anaona mabaya kila mahali. Kidosho naye akamwonyesha jinsi ya kusimama bila kupumua, mpaka Mama akacheka bila kutaka.

Machi 14

Riwaya imekwamuka! Sura ya tano nimeiandika kwa mkupuo mmoja. Msichana mshonaji anapandishwa mezani na tajiri wake, anavalishwa gauni la arusi ambalo kamwe hataolewa nalo. Nimeiandika kama ilivyokuwa, pini na vyote, nikabadilisha majina tu. Nimempa Madamu asome.

Machi 15

Madamu amerudisha kurasa. Ameniita ofisini, amenikaribisha kiti, jambo ambalo si la kila siku.

"Ni nzuri," amesema, "ila hapa haiaminiki. Tajiri gani angefanya hivi? Msomaji ataona mwanamke huyu ama mpumbavu ama mkatili. Na msichana wako amesimama tu kama gogo, hana hamu yoyote. Wewe ni mwandishi, mpe hamu. Tajiri hayupo. Msichana anabaki peke yake dukani, anafunga mlango, anajivalisha mwenyewe kwa siri. Hapo ndipo msomaji atalia."

Nimemwambia haikuwa hivyo.

"Mpenzi wangu, kama ni kuandika yaliyotokea, kila karani angekuwa mwandishi."

Njiani nimefikiri, nikaona ana hoja. Kwa siri inapendeza zaidi.

Machi 17

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

Machi 20

Nimeandika upya sura ya tano. Msichana anaingia kwa kunyata, anajivalisha, anajitazama kiooni. Madamu ameongeza kwa penseli, baada ya maneno "akajitazama kiooni", maneno matatu: "akatamani ngozi nyingine." Nimeyapiga taipu. Kusema kweli yalinikwaruza kidogo, lakini yana mlio mzuri mwisho wa aya. Madamu ameomba abaki na kurasa hizo azisome tena kwa raha zake.

Machi 27

Amekuja mama wa bwana harusi. Kidosho amembatiza Shingo, kwa jinsi anavyoinua yake akiona mmoja wetu yuko chumba kimoja naye. Ukoo wao ndio wenye mahakimu na wenye mashamba, na Madamu mbele yake anakuwa mdogo kama mwanafunzi. Shingo ameuliza inakuwaje gauni linashonwa bila bibi harusi kuwepo.

"Vipimo ni sahihi kabisa," Madamu amejibu, na sikio limemwiva.

Kidosho alikuwa nyuma anapiga pasi, anang'ata kitambaa asicheke.

Aprili 1

Kifua sasa kimekaa. Bado pindo na mgongo. Madamu amempa Kidosho kipande cha lesi.

Aprili 3

Mvua haijakatika tangu juzi.

Aprili 6

Nitaandika yote kwa mpangilio, nisije kesho nikaanza kuyapamba.

Asubuhi paa la chumba cha nyuma limefunguka kabisa. Maji yalikuwa yanashuka juu ya meza yenyewe. Madamu akasema hariri haitasalimika humu, twende chumba cha mbele, chenye kioo, duka limefungwa kwa sababu ya mvua, nani atakuja. Nilimkumbusha kwamba Kidosho haruhusiwi kuingia kile chumba. Akasema, "Leo namruhusu mimi." Mzee Mkasi alibaki nyuma anaokoa vitambaa.

Kidosho alipoona kioo alikisogelea. Hajawahi kujiona mzima. Nyumbani tuna kioo cha kuonea uso tu. Alipanda juu ya kile kiti kifupi cha wateja, Madamu akapiga magoti nyuma yake, akawa anambana pini mgongoni. Mimi nilikuwa sakafuni na pindo. Hakuna aliyesikia mlango, kwa kelele za mvua.

Shingo alisimama mlangoni, mwavuli unachuruzika kwenye zulia. Alitazama kioo kwanza. Akaona gauni la mkwewe, na juu ya gauni, uso wa mdogo wangu.

Madamu alikuwa bado amepiga magoti, pini mdomoni, mkono mmoja uko ndani ya gauni. Nilimwona kiooni. Nilimwona akifikiri. Haikuchukua hata muda wa kumeza mate. Alinyanyuka, akatema pini, akampiga Kidosho kofi lililomwangusha kutoka kwenye kiti.

"Unafanya nini humo?" akapiga kelele. "Nani kakupa ruhusa? Vua! Vua!"

Kidosho alidhani ni mzaha. Naapa, alianza kutabasamu. Kisha akanitazama mimi, na mimi nilikuwa na pini mkononi na midomo imefungwa kama mfuko.

Alivuliwa palepale, mbele ya yule mama, mlango uko wazi. Pini zilikuwa bado zimo, zikamchana mgongoni, na damu kidogo ikaingia kwenye hariri. Shingo akasema, "Umeona? Umeona?" kama mtu aliyekuwa akingoja doa hilo maisha yake yote. Akasema askari waitwe. Madamu akasema hakuna haja, atamwadhibu mwenyewe. Shingo akasema kwa upole kabisa kwamba mtu anayesita kuita askari humfanya mwenzake ajiulize maswali. Madamu akaita askari.

Hapo ndipo nilipopata sauti. Nikasema, "Madamu, si wewe mwenyewe..." Akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na macho ya kuomba, ya mtu anayezama. "Nyamaza kwanza," akanong'ona. "Nitalimaliza mimi."

Nikanyamaza. Wamempeleka amejifunga shuka la kupigia pasi.

Aprili 7

Yuko rumande. Shtaka: kutumia mali isiyo yake na kuiharibu. Mama ameketi kwenye kiti karibu na mlango tangu jana na viatu miguuni.

Aprili 8

Madamu ameniita. Amelia, machozi ya kweli. "Nisikilize. Nikisema sasa, harusi imevunjika, na binti yangu atachekwa maisha yake yote. Acha joto lipoe. Siku ya kesi nitasimama niseme ukweli mbele ya hakimu. Mungu ni shahidi yangu. Atatoka, ataenda chuoni kwake, barua nimeshaiandika." Akanionyesha barua. Imeandikwa vizuri: mwaminifu, msafi, mchapakazi.

Nimemwamini. Nimemweleza Mama. Mama akauliza, "Barua hiyo ameituma, au amekuonyesha?"

Nimemkasirikia Mama.

Aprili 11

Shingo amekuja kushuhudia gauni likichomwa uani. Madamu alilileta limefungwa kwenye kitambaa cheupe, akaliweka kwenye pipa, akamwaga mafuta ya taa. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo, ikawaka vizuri. Shingo akaahidiwa gauni jipya, akaondoka ameridhika.

Alipokwisha kwenda, Madamu akaniita kabatini. Gauni lipo. Alichochoma ni bitana na mapazia ya zamani. "Hariri kama hii haipatikani tena kwa muda uliobaki," akasema. "Doa limetoka kwa maji baridi. Wewe maliza mgongo."

Nilimaliza mgongo. Hapa naandika, na vidole vyangu bado vina harufu ya sabuni ya hariri.

Aprili 15

Nimemwuliza Mzee Mkasi kama atatoa ushahidi. "Mimi sikuona kitu, mwanangu. Nilikuwa naokoa vitambaa." Nikamwambia Machi yote aliona. Akasema, "Machi nilikuwa nakata." Zamani nilimwona mtu mpole. Sasa namwona mwoga, halafu nakumbuka pini mkononi mwangu na mdomo wangu uliofungwa, nashindwa hata kumtukana.

Aprili 22

Kesi imesikilizwa leo. Mvua ilikuwa inapiga bati la mahakama hivi kwamba kila mtu ilibidi aongee kwa kupaza sauti, hata waongo.

Kidosho alisimama kizimbani amenyooka. Hakimu akamwuliza alifikaje ndani ya gauni. Akajibu, "Niliambiwa nipande mezani, nisipumue." Watu weupe waliokaa viti vya mbele wakacheka. Hakimu akauliza aliambiwa na nani. Akamnyooshea Madamu mkono, bila chuki, kama unavyomwonyesha mtu unayemjua sokoni.

Madamu akaitwa. Amevaa kijivu, sketi niliyoishona mimi. Nilikuwa nimemwambia Mama amtazame vizuri, maana ndiye atakayetuokoa.

"Nilimpenda binti huyu kama mwanangu," akasema. "Ndiyo maana inaniuma. Sikumvalisha mimi. Siku ile nilikuwa ofisini, nilipotoka nikamkuta kiooni. Siwezi kueleza kilichomwingia. Labda maandishi haya yatamsaidia mheshimiwa kuelewa."

Shingo, aliyemkuta amepiga magoti, akaitikia kwa kichwa. Madamu akatoa kurasa kwenye mkoba. Niliona herufi m zikiruka hata kutoka nilipokaa.

Mwendesha mashtaka alisoma sura yangu ya tano yote, polepole. Msichana mshonaji anangoja tajiri atoke. Anafunga mlango. Ananyata. Anajitia ndani ya hariri ya bibi harusi mweupe. Akajitazama kiooni, akatamani ngozi nyingine. Chumba kilikuwa kimya. Nilikuwa nimeota kwa miaka kusikia maandishi yangu yakisomwa mbele ya watu, wakiwa kimya namna hiyo.

Nikaitwa.

"Umeandika wewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Kabla ya tukio. Na huyu msichana wa kwenye kurasa, ulimfikiria nani ulipomwandika?"

Nimeapa kusema kweli. "Mdogo wangu."

"Kwa hiyo ndivyo ilivyotokea."

"Hapana. Madamu ndiye aliyemvalisha, tangu Machi, kila wiki. Mara ya kwanza niliandika hivyo. Madamu akaniambia nibadilishe. Hayo maneno ya ngozi ni yake, si yangu."

Hakimu akazigeuza kurasa. Penseli haikuwepo. Nilikwisha kuyapiga taipu maneno yale mimi mwenyewe, safi, bila kosa.

"Basi hii ni nini?"

"Ni hadithi, mheshimiwa."

"Yaani uongo."

"Ni hadithi."

"Binti," hakimu akasema, na hakuwa mkali, alikuwa anajiburudisha, "uliandika jambo moja ulipokuwa huru, hakuna aliyekulazimisha. Leo unasema jambo jingine kwa sababu mdogo wako yuko kizimbani. Lipi kati ya hayo mawili nilichukue kuwa hadithi?"

Nikasema gauni halikuchomwa. Nikasema liko kabatini, twende tukalione. Shingo akasimama bila kuitwa akasema amelishuhudia likiteketea kwa macho yake. Hakimu akaniambia nina ubunifu mwingi, akaniamuru nikae.

Miezi kumi na miwili na kazi ngumu. Mwenye kosa la namna hiyo haingii chuo chochote cha serikali tena, na uuguzi ni wa serikali. Kidosho aligeuka kunitafuta. Sikuweza kumtazama, nilitazama mgongo wa Mama, na mgongo wa Mama haukutikisika.

Nje, Mama alisema, "Umemfunga mwenzako kwa kalamu." Hajasema kingine mpaka sasa ninapoandika.

Aprili 23

Mama hanisemeshi.

Aprili 24

Hanisemeshi.

Aprili 26

Nilikwenda dukani kutupa funguo. Madamu hakunizuia. Akaniambia tu, kwa sauti yake ya kunisahihishia sura, kwamba kibali cha sisi kumtembelea mfungwa lazima kisainiwe na mwajiri, na kwamba mtu asiye na mwajiri hana wa kumsainia. "Nataka kukusaidia. Maliza gauni."

Akaondoa taipureta. Imefunikwa iko ofisini, karibu na ile barua ya chuo, ambayo kweli hakuituma.

Nimevaa aproni yangu. Namchukia jinsi ambavyo sikujua mtu anaweza kumchukia mwingine na bado akamwuliza, "Pindo nilishushe kiasi gani?"

Mei 2

Kwa sababu hakuna tena mwili wa kujaribia, Madamu ameamuru sanamu iongezwe pamba mpaka ifikie vipimo. Nimeizungushia pamba na kitambaa mimi mwenyewe. Sikuhitaji futi ya kupimia. Mikono yangu inamjua, nimemwogesha tangu mchanga. Nyonga, kiuno, kifua, yale mabega. Ilipokwisha, alikuwa amesimama pale bila kichwa, na hariri ikamkubali.

Madamu akasema, "Umeona? Tungefanya hivi tangu mwanzo."

Tukifunga duka Mzee Mkasi huifunika sanamu kwa shuka. Hajaambiwa na mtu.

Mei 9

Harusi. Tuliruhusiwa kusimama ng'ambo ya barabara ya kanisa. Mvua imekatika, jua kali. Bibi harusi ameshuka garini, na watu wamesema "Aah" kwa pamoja. Ni msichana mzuri, hajui lolote, ametupungia mkono. Shingo alikuwa nyuma yake ameshika mkia wa gauni kwa vidole vyake mwenyewe ili usiguse matope. Alilishika njia nzima, kutoka garini hadi mlangoni. Nilitaka kupiga kelele, nimwambie anashika nini. Mimi si mtu wa kuaminika, imeandikwa mahakamani. Nimerudi nyumbani.

Mei 17

Madamu amesaini kibali. Nimemwona.

Wamemnyoa. Mikono imepasuka kwa kuvunja kokoto, mabega yamebaki mifupa. Niliitazama shingo yake nikaifikiria ile sanamu, jinsi ilivyonona. Tulipewa muda mfupi, askari katikati.

"Lilimkaa?" akauliza.

"Nini?"

"Gauni, dada."

"Lilimkaa."

"Mabega?"

"Na mabega."

Akacheka, meno yaleyale. "Basi nina mabega mazuri."

Nikaanza kuomba msamaha, nikawa nalia, nasema sitashika kalamu tena mpaka nife, nitavunja vidole. Akanikatiza.

"Acha hizo. Ukiacha, itabaki ile ile waliyosoma. Wanayo kwenye faili. Wajukuu wa yule hakimu wataisoma." Akanisogelea mpaka askari akagonga rungu mezani. "Ile ya kwanza bado unayo? Aliyosema haiaminiki?"

"Niliichoma. Niliona haina hamu."

"Si unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Iandike. Na mimi usinifanye malaika. Sema nilijipenda kwenye kile kioo, maana nilijipenda. Sema nilijiona mimi, nikajipenda mimi. Nisikusikie tena unanitamanisha ngozi ya mtu."

"Ulilia walipokuvua. Niandike hivyo?"

Alifikiri. "Niandike nalia. Lakini na wewe ujiandike, pale chini, na pini yako."

Askari akasema muda umekwisha.

Mei 18

Siku ya mapumziko. Sina taipureta, nina kalamu ya risasi na karatasi za kukatia ruwaza za nguo. Nimekaa mezani tangu asubuhi. Riwaya inaanza upya, na haianzi tena na mawingu wala na maua ya arusi. Inaanza hivi:

"Panda mezani, usipumue," Madamu alisema, pini zimejaa mdomoni, naye mdogo wangu akapanda.

Mama alikuwa anafagia. Akasimama nyuma yangu na ufagio. Hajui kusoma. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya kesi akanisemesha.

"Umeandika nini?"

Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie, nikarudia.

"Ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Si ungeandika hivyo toka mwanzo."

Akaendelea kufagia.